Placida Arudi Kuchomelea

Placida Massawe alijifunza kuchomelea vyuma mjini Moshi, msichana peke yake katika darasa la wavulana. London ameifanya kazi hiyo miaka kumi na sita, kwenye karakana ya Mahendra huko Thamesmead, akitengeneza mageti na reli za ngazi. Mahendra ni Mhindi mzaliwa wa Mwanza, na Kiswahili hajakiacha.

Mwaka juzi, mwezi wa Machi, Placida alikuwa akipima reli ya roshani, mara akaona giza. Alipozinduka alikuwa sakafuni, mkono umeteguka, Mahendra kapiga magoti kando yake akimwita. Hospitali wakagundua kuwa moyo wake ulikuwa ukisimama sekunde kadhaa, kisha unaendelea. Wakamwekea betri ya moyo chini ya ngozi, karibu na bega la kushoto.

Kliniki alikuwa na swali moja tu. "Nitachomelea tena?"

Mtaalamu wa betri hizo, dada aitwaye Hina, alimweleza kwamba umeme wa mashine ya kuchomelea unaweza kuidanganya betri, ikadhani moyo unapiga wenyewe, ikaacha kuusaidia. "Lakini sitaki kukukataza kwa kukisia," alisema. "Nitakuja kazini kwako tupime."

Akaja kweli, Jumanne moja ya mvua, na kompyuta yake. Mahendra alikuwa na wasiwasi kuliko wote.

"Dada, ukianguka tena nitamwambia nini Nancy?" Nancy ni binti wa Placida.

"Sianguki, Mzee. Washa."

Walianza na ampea sitini, Placida akichomelea, Hina akitazama mapigo kwenye kompyuta. Themanini. Mia. Mia na ishirini, bado sawa. Walipofika mia na sitini Hina akainua mkono. "Basi, zima! Hapa betri imeanza kuchanganyikiwa."

Akaandika masharti: asipite mia na ishirini, nyaya zisimkae kifuani wala begani, asifanye kazi peke yake, na akisikia kizunguzungu aache papo hapo. Vyuma vinene vikaenda kwa Shamir, fundi mwenzake. Hilo lilimuuma, maana vinene ndivyo alivyovipenda, na kwa wiki kadhaa Shamir hakuchomelea nguzo bila Placida kumsahihisha.

Lakini siku ile, Hina alipofunga kompyuta, Placida alivua kinga ya uso akiwa analia.

"Asante, mwanangu."

"Ni kazi yangu tu, mama."

"Hata mageti ni kazi yangu tu. Ila geti likikaa sawa, mwenye nyumba hushukuru. Niache nishukuru."

Jumapili iliyofuata aliomba misa ya shukrani. Jina la Hina aliliandika kwenye karatasi ya nia kwa herufi kubwa, padri asije akakosea kulisoma. Mahendra na mkewe Indu, ambao ni Wahindu, walikuja wakakaa benchi la nyuma, Indu amepakata sufuria ya bajia. Ilinukia kanisa zima, hata kabla ya mahubiri.