Wimbo Uliokatwa na Matangazo ya Vifo

Wewe unayenisikiliza, nyamaza kidogo ukumbuke: redio ya nyumbani kwenu ilipokaribia kutangaza vifo, ilipiga muziki gani? Kama umekulia pwani kama mimi, huenda hujui jina lake wala waliopiga, lakini mwili wako unaujua. Fidla nyingi zinaingia taratibu, tarumbeta moja inalia kwa mbali, kisha mtangazaji anaukata: "Tunasikitika kutangaza kifo cha..." Kwetu Tanga, fidla zile zikianza mama alizima jiko la mafuta ili asikie vizuri, na sisi watoto tulisimama pale pale tulipokuwa.

Nilikuwa mtu mzima, niko London tayari, ndipo nilipojua kwamba wimbo ule ni wa okestra ya Kijerumani, na kwamba ulipigwa ili watu wacheze.

Nilikuwa nimenunua santuri katika duka la mitumba hapa mtaani kwetu Edmonton kwa sababu ya picha tu: mwanamke mwenye gauni la njano anacheka na bilauri mkononi. Niliipenda, nikanunua nyingine, na nyingine. Sasa rafu nzima ya sebuleni ni Wajerumani.

Watu huudharau muziki huu. Wanasema ni wa kwenye lifti. Mimi huwaomba wausikilize kama mtu anavyomtazama fundi akiranda mbao. Okestra zenyewe zilikuwa kubwa: safu za fidla, tarumbeta na tromboni, piano, gitaa, ngoma, na mara nyingine waimbaji wasiotamka neno lolote ila "la la la". Wengi wa wapigaji wale walikuwa mafundi wa studio. Unaletewa karatasi ya noti usiyowahi kuiona, na baada ya muda mfupi unaipiga kama umezaliwa nayo. Mpiga ngoma anafagia kwa brashi, hapigi. Mpiga besi anatembea polepole na hapotezi hatua hata moja. Kazi yao ngumu ni hiyo: mtu aongee muziki ukiendelea bila kupaza sauti, lakini ukiuzima, aone chumba kimekuwa baridi. Jaribu wewe. Si rahisi hata kidogo.

Wimbo wa vifo ulikuwa kwenye santuri ile ile ya kwanza, upande wa pili, mwishoni. Niliutambua kwa fidla zake za mwanzo, na jalada likaniambia ni wa kucheza, lakini tangu hapo sikuwahi kuusikiliza. Kila ulipokaribia, mkono wangu ulikwenda wenyewe kuinua sindano. Binti yangu, mzaliwa wa hapa, hakuwahi kuniuliza kwa nini.

Kisha ikaja siku ya posa yake. Wageni walitoka Hounslow, upande mwingine wa London, na msemaji wao alikuwa bibi wa kijana. Asiyemtaka binti alikuwa ni yeye. Alitaka mjukuu wake aoe nyumbani, si msichana anayeelewa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza. Kijana alishasema hataoa bila radhi ya bibi yake. Kwa hiyo chai ilinywewa, vitumbua vikaliwa, watu wakacheka, lakini bibi hakulitamka lile neno la kumwomba binti.

Binti yangu alitaka kuchangamsha wageni. Kabla ya kwenda kuvaa, aliweka santuri yangu ile ya kwanza, upande wa pili.

Nilikuwa jikoni natoa sambusa kwenye mafuta niliposikia fidla zile. Sebule nzima ikanyamaza mara moja. Nilipofika mlangoni, wanawake wa Hounslow walikuwa wamevuta mitandio yao kichwani. Kaka yangu, msemaji wa upande wetu, dereva wa basi, mzee mzima, ameshika kikombe hewani ananong'ona, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," na hata hajui amekufa nani.

"Wimbo wa vifo!" akasema shangazi wa kijana. "Siku ya posa! Jamani, nyumba gani hii?"

Nikakimbilia sindano. Bibi akanizuia kwa mkongojo wake.

"Mwanangu, usiguse."

"Bibi, tuwie radhi, mtoto hajui..."

"Nimesema usiguse. Nataka nisikie wanamtaja nani."

Tukakaa. Mtangazaji hakuja. Pale redio ilipokuwa ikiukata, tarumbeta ikaendelea kupanda. Ngoma ikaongeza mwendo, wale waimbaji wasio na maneno wakaingia, na fidla zikawapokea kama wenyeji waliosikia hodi. Mimi mwenyewe sikuwahi kufika huko. Ilikuwa furaha tupu. Kisha piano ikashuka ngazi zake taratibu, na sindano ikabaki ikikwaruza.

Bibi akatutazama mmoja mmoja. "Umeisha?"

"Umeisha, bibi."

"Na hajafa mtu?"

"Hajafa mtu," akajibu kaka yangu, kama anayetoa ushahidi mahakamani.

"Alipotajwa mume wangu, waliukatia hapo kwenye tarumbeta." Akauteremsha mkongojo. "Miaka yote hii mimi nimebaki hapo hapo. Kumbe mbele kulikuwa na ngoma!"

"Bibi, usije ukasimama kucheza," kaka akatania. "Jirani wa chini atatugongea dari."

"Wewe uliyemwombea maiti asiyekuwapo, kunywa chai yako."

Watu wakaangua kicheko, hata yule shangazi. Bibi akauliza ni nani aliyeuweka wimbo. Tukamwita binti yangu, akatoka amevaa nusu, khanga begani, uso umemshuka. Bibi akampigia kiti kwa kiganja, akae karibu.

"Urudishe, mwanangu. Mwanzo mpaka mwisho."

Binti akaurudisha. Safari hii mkongojo ulikuwa ukigonga zulia pamoja na besi, na mkono wa pili wa bibi ulikuwa umeshika mkono wa binti yangu. Piano iliposhuka, akamgeukia kaka.

"Haya. Tumekuja kumwomba huyu."

Tangu siku ile sijainua sindano tena. Na wewe, utafute wimbo ule wa redio yenu. Uuweke kwa sauti ndogo, ufuate besi, na ukifika pale mtangazaji alipokuwa akiukata, usizime. Kaa usikilize mpaka mwisho.