Jina la Papa kwenye Kadi ya Arusi

Juzi mjukuu wangu aliniletea kadi ya arusi yake. Mbele ya jina la babu yake, marehemu mume wangu, nikasoma neno la Kifaransa *feu*, na hapo nikakumbuka alasiri moja nyumbani kwetu Kingi.

Dada yangu Furaha alikuwa karibu kuolewa, na Papa, baba yetu, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mwalimu wa misheni aliketi barazani akiandika mialiko kwa wino wenye harufu kali, huku Mama akichambua maharagwe. Mwalimu akasoma kwa sauti: "Furaha, binti wa *feu* Petro."

Neno hilo nilikuwa nimejifunza shuleni wiki ile ile. *Feu* ni moto. Nikaangua kilio.

"Mama, Papa iko mu moto!"

Mwalimu akaweka kalamu chini. "Hapana, mutoto. Hapa *feu* njo muntu mwenye alikufa."

Leo najua alisema kweli. Siku ile sikumsadiki hata kidogo. Mama alinivuta kwenye kikwembe alichojifunga, kilichonuka moshi wa jikoni, akamgeukia Mwalimu.

"Mwalimu, toa ile neno. Andika jina yake tu."

"Lakini Mama, watu watazani iko muzima."

"Acha wazani. Yeye njo anaozesha mutoto wake."

Mwalimu akaanza upya kadi zote. Zikapelekwa hadi Mweso na Burungu. Siku ya arusi watu walijaa uani, na hakuna hata mmoja aliyeuliza mwenyeji yuko wapi.