Uwanja wa Otonglo na Mizani Iliyopigiwa Makofi

Siku yangu ya kwanza katika kliniki ya wazee ya mtaa wa Otonglo, Mama Siprosa alipanda mizani, mshale ukaruka juu, na foleni nzima ikapiga makofi. Makofi, jamani! Mimi muuguzi mgeni pale, miaka sita tu kabla ya kustaafu, nguo nyeupe imepigwa pasi, nimekuja kupunguza watu uzito, kumbe kwao kuongezeka ni sifa. Mzee akinenepa, ni ishara kwamba watoto wanamtunza. Akikonda, majirani wananong'ona kwamba anaumwa.

Lakini presha ya Mama ilikuwa juu na magoti yamevimba. Tepe ya kiuno, ile tunayozungusha tumboni kujua mafuta yamekaa wapi, karibu iniishie mkononi. Daktari msimamizi akaniita. "Sista, mshauri kuhusu chakula. Akiendelea hivi, moyo utamshinda."

Nikamshauri. Akanitazama juu hadi chini.

"Ugali nimepunguza, mwanangu. Omena, hivi vidagaa vyetu, nachemsha tu. Sasa nitembee wapi? Kwenye moshi?"

Nikaenda kwake kuona. Nyuma ya nyumba palikuwa na uwanja wa umma, ila watu wa soko walimwaga taka pale na kuzichoma kila asubuhi. Ongeza moshi wa malori ya barabara ya Busia. Kifua kilinibana nikiwa bado mlangoni. Wazee wa mtaa walifunga madirisha wakakaa vitini kutwa, halafu sisi tunawauliza mbona wananenepa! Nilikasirika sana, nikarudi kumwambia daktari uwanja ule usafishwe.

"Wewe ni muuguzi, si mtunza bustani," daktari akasema.

"Basi mizani tutapanda sisi wenyewe, Daktari, maana hao watakwisha."

Nikalipeleka jambo kwenye baraza la chifu. Watu wa soko wakadai taka hazina pa kwenda. Maneno yakazunguka weee, mpaka Mama Siprosa akainuka, ameshika bega langu.

"Siku nikifa mtausafisha huo uwanja mbio mbio, mpige hema, mlete spika, mseme Mama alikuwa mtu mzuri. Usafisheni nikiwa hai, nitembee!"

Huku kwetu matanga si mchezo. Chifu akavua kofia. Mwenyekiti wa soko akaahidi mbele ya wote kwamba moto umekwisha, na lori la kaunti likaanza kubeba taka. Tukapanda nyasi na miti. Wazee wakawa wanazunguka pale kila asubuhi, wakitaniana. Hata daktari alikuja amevaa viatu vyake vya raba, nami nikamcheka waziwazi.

Mama alipoanza kupungua, uvumi ukatoka kwamba anaumwa. "Anayesema hivyo aje tuzunguke," akajibu, "tuone nani atahema kwanza." Hakuja mtu.

Nyinyi wauguzi mnaoanza kazi hii leo, kabla ya kumlaumu mzee kwa sahani yake, fungueni dirisha lake mvute hewa anayovuta yeye.

Siku ya kustaafu kwangu, hema zilipigwa uwanjani kweli, za kuniaga mimi. Mama Siprosa akadai mizani iletwe pale nyasini. Akapanda bila kushikwa mkono. Mshale ukasimama chini, mbali na pale nilipouona siku ya kwanza, na uwanja mzima ukapiga makofi.