Bakuli la Ruot

Nyawech ana kibanda cha kisra mkabala na meza yangu ya samaki wakavu, kwenye soko la kambi ya wakimbizi, Kakuma. Miaka mitano tumetazamana hivyo, yeye akitandaza uji wa mtama juu ya bamba la chuma mpaka unakuwa mwembamba kama karatasi, mimi nikifukuza nzi. Ni Mnuer wa Nasir. Aliingia kambini mwaka 2014 akiwa msichana, pamoja na shangazi ambaye baadaye alifariki. Akaolewa hapa hapa na Ruot, fundi wa pikipiki, wakapata mtoto mmoja, Nyadak. Mimi nilitoka Ravine. Hapa wananiita Mama Samaki. Jina la Jerotich limebaki kwenye kitambulisho.

Katika kupatana bei, Nyawech alikuwa mgumu, na nilimheshimu kwa hilo. Mwaka jana akaanza kukubali bei ya kwanza ya mteja yeyote. Nikajua kuna jambo. Mtu haachi kubishana bei hivi hivi.

Ruot alikuwa amerudi kwao kuangalia ng'ombe wa baba yake. Alisema mwezi mmoja. Simu yake iliita wiki tatu, kisha ikaanza kusema mteja hapatikani, na miezi minane ikapita. Nyawech hakulia.

"Mama yangu alisema, mtu kama hujaletewa habari yake, usilie," aliniambia. "Ukilia, umemzika."

Basi hakulia, wala hakuzungumza. Ila kila siku saa saba, saa ambayo Ruot alizoea kuja kutoka gereji, alitandika mkeka kando ya kibanda na kumpakulia yeye kwanza, kwenye bakuli la bati la kijani. Akalifunika kwa sahani, akaliweka upande wake, akakaa akilitazama. Jioni chakula kile kilikwenda kwa jirani mwenye watoto wengi.

Kisha Nyadak, mtoto wa miaka minne, akaacha kula.

Mgao wa chakula kambini ulikuwa umepunguzwa, sawa, lakini kisra haikukosekana pale. Mtoto alitia tonge shavuni, akaliacha humo mpaka likachacha, halafu akalitema nyuma ya magunia yangu. Mama yake akawa anambana taya.

"Kula! Baba akikuja akute wewe mfupa, mimi nasema nini?"

Mtoto naye hakulia. Alifunga mdomo tu na kutazama lile bakuli.

Zahanati ya kambini wakampima mkono kwa ule utepe wao wa rangi. Njano. Baada ya wiki mbili, njano tena, lakini nyekundu imekaribia. Ikigusa nyekundu, walisema, mtoto atalazwa wodini. Wakamwandikia mama barua ya kwenda hospitali ya Lodwar, mtoto achunguzwe kwanza kama ana ugonjwa wa ndani.

Mimi nilifikiri kama muuzaji: bidhaa isipotoka, badilisha bidhaa. Nikamletea Nyadak samaki aliyechambuliwa miiba, mandazi, maziwa ya ngamia. Vyote vikaishia shavuni. Ilunga, fundi cherehani Mkongomani wa kibanda cha pili, akafurahi sana.

"Mama Samaki, leo umekutana na mteja! Huyu hata ya bure hataki."

"Shona suruali, wewe."

Alhamisi mimi huenda Lodwar kuchukua mzigo, nikafuatana nao. Tulipofika tuliingia hotelini, nikaagiza chapati na maharagwe. Nyawech akasukuma sahani yake yote kwa mtoto.

"Mimi nimeshiba."

Ameshiba nini? Nilikuwa naye tangu alfajiri.

Hospitalini tulipokewa na Lopeyok, daktari Mturkana, kijana mrefu mwenye sauti ya chini. "Ejok, mama," akasalimu, akachukua barua. Alimpima Nyadak uzito, akamtazama koo, akatutuma maabara, akasoma majibu. Hakuna minyoo. Hakuna malaria. Kisha akaweka kalamu chini.

"Na wewe, mama, unakula?"

Nyawech alinigeukia, kama vile mimi ndiye nijibu. Nikafungua mdomo, nikakuta sijui. Miaka mitano yuko mbele ya macho yangu, na sikukumbuka ni lini nilimwona akitafuna.

"Mimi napika," akasema Nyawech.

"Sijauliza hiyo."

"Kwanza baba yake. Halafu mtoto. Halafu basi."

"Baba yake yuko wapi?"

Nikamweleza mimi, kwa kifupi: safari, simu, bakuli.

"Mtoto anakutazama wewe kabla ya kutazama chakula," akasema Lopeyok. "Anaona mama anaogopa sahani, na yeye anaiogopa. Huyu hana ugonjwa wa tumbo. Wewe ndiye umeumia, mama, na si aibu. Usimshike taya tena. Kaa naye, kula wewe, yeye mwache. Na Jumanne kuna dada wa ushauri kwenye zahanati yenu. Nenda ukazungumze naye."

"Nikikula chakula yake," Nyawech akasema polepole, "si nimesema hayuko?"

Lopeyok alishika kalamu, akairudisha mezani. Kwa hili hakuna dawa ya kuandika. Lakini kupatana ndiyo kazi yangu.

"Mama Nyadak, sikiliza. Bakuli libaki. Lioshe, liweke mahali pake, lakini tupu. Siku akija atakula cha moto."

"Tupu hapana."

"Kile cha jioni kinaliwa na nani? Unalisha mume wako au mume wa jirani?"

Kidogo acheke. "Wewe Mama Samaki ni mwizi." Hivyo ndivyo alivyokuwa akiniambia zamani, nikimtajia bei. Kisha akasema: "Nusu. Nusu naweka, nusu nakula."

"Kipande kimoja unaweka."

"Viwili."

"Kimoja. Tena kidogo."

"Kimoja. Lakini mimi ndiyo nakata."

Tukapeana mkono mbele ya daktari.

Jumamosi, saa saba, alitandika mkeka. Aliweka kipande kimoja kwenye bakuli la kijani, kikubwa kuliko tulivyopatana, akalifunika. Halafu akakata kisra yake, akachovya mchuzi, akatia mdomoni. Alitafuna kama mtu anayetafuna ngozi. Machozi yakamtoka na hakuyafuta. Aliendelea tu kutafuna, na Nyadak alitazama ule mdomo wa mama yake bila kupepesa. Hakuna aliyemwambia ale. Mimi nikapanga samaki ambao walikuwa wameshapangika. Nilipogeuka, mtoto alikuwa amechukua kipande kutoka mkononi mwa mama yake, na koo lake dogo likapanda na kushuka. Cha pili akakiweka shavuni.

Wiki mbili zimepita tangu siku hiyo. Utepe bado ni njano, ila nyekundu imerudi nyuma. Jumanne Nyawech hufunga kibanda kwa saa mbili nzima, huenda kwa yule dada wa ushauri, na hanielezi wamezungumza nini. Ruot hajapiga simu. Bakuli liko pale pale.

Jana wakiwa mkekani aliniita kutoka ng'ambo ya njia.

"Mama Samaki! Na wewe, umekula?"

Nikasema nimeshiba. Hakuamini. Siku hizi hata nikimtajia bei, haamini.