Mikono Baridi

Sisi tuliozaliwa Kipese hatushtuki tukishika mikono baridi ya mtoto. Kule juu milimani, asubuhi, kila mtoto anayo. Mama huisugua kati ya viganja vyake, humpa uji, na siku inaanza.

Dada yangu mkubwa aliteremka Beni na binti yake wa miaka mitatu, amsaidie mumewe kuvuna kakao upande wa Oicha. Walilala kwangu. Wiki ya tatu mtoto akashikwa na malaria. Mimi ni mtu wa maabara. Nilimpima mwenyewe, na katika lile tone la damu vimelea vilikuwa vingi kuliko nilivyopenda kuona. Alimeza dawa siku tatu. Siku ya nne, asubuhi, dada aliniletea mkono wa mtoto.

"Shika, mudogo wangu. Moto imeisha."

Nilishika. Ulikuwa baridi. Nilifurahi.

"Sasa tupande, turudie kwetu," akasema. "Beni yenu inapika batu kwa joto."

"Na Kipese inabagandisha," nikamjibu, tukacheka. Wakapanda gari la Butembo.

Naomba nieleze polepole, maana mimi niliyejua nilisahau. Chembe nyekundu za damu ndizo hubeba hewa tunayovuta na kuifikisha mwilini kote. Kimelea cha malaria huingia ndani ya chembe, hula kilichomo, huongezeka humo, kisha huipasua. Vinavyotoka huingia katika nyingine. Bandama nayo, ikisafisha, huondoa zilizoharibika pamoja na nyingi ambazo hazikuguswa. Uboho wa mifupa, unaotengeneza mpya, huwa umelegea. Dawa huua kimelea, lakini chembe zilizopotea haizirudishi, na hata homa ikishaondoka damu inaweza kuendelea kupungua siku kadhaa. Ikipungua sana, ile iliyobaki mwili huipeleka kwanza kwenye moyo na ubongo, na mikono hupoa. Katika joto la Beni, ule mkono ulikuwa unaniambia jambo.

Kwa hiyo wewe ambaye mtoto wako ametoka tu kwenye malaria, usiridhike na paji la uso. Geuza kiganja chake, ukilinganishe na chako penye mwanga; kikiwa kimepauka, mpeleke hospitali. Unaweza; haihitaji chombo chochote.

Mchana wa siku ileile dada alinipigia simu kutoka Butembo, kwa shangazi yetu.

"Mutoto hapana anataka kutembea. Anapumua sawa mutu mwenye alikimbia. Mikono iko baridi, lakini huku ni Butembo, kuko baridi, si unajua."

"Yaya," nikamwita dada yangu, "geuza kiganja, upeleke kwa dirisha. Rangi gani?"

Nilisikia hatua zake hadi dirishani.

"Nyeupe, sawa na muhogo ya kumenya."

"Mupeleke hospitali sasa hivi. Uwaambie anakosa damu."

Nilichukua pikipiki. Njia nzima nilikuwa naukumbuka ule mkono, na jinsi nilivyofurahi.

Nilipofika, mfuko wa damu ulikuwa umening'inia, umejaa zaidi ya nusu, na muuguzi alikuwa amekwisha kuufunga mrija; mtoto alikuwa hapumui tena. Dada alikuwa ameketi kitandani. Alikuwa ameshika mikono ya binti yake kati ya viganja vyake, anaisugua taratibu, kama mama alivyotusugua sisi.

"Iko baridi," akaniambia.

Nikaketi upande wa pili, nikachukua mmoja.