Safu ya Sababu

Kwa miaka sita ya shule ya msingi, Xu Lianqiu alijifunza jambo moja barabara: kosa ni kiboko. Baba yake, Baogui, fundi wa vigae, alihesabu alama nyekundu za kila mtihani, kisha akamchapa viganjani idadi ileile kwa mpini wa mwanzi wa ufagio wa manyoya. Mchelea mwana kulia hulia yeye, ndiyo imani yake, na mtu yule hakutaka kulia hata tone. Binti akawa mjanja. Asilolijua alinakili kwa jirani, alilokosea alilifuta mpaka karatasi ikatoboka.

Akaingia shule ya kati. Mwalimu Geng wa hesabu hakushika fimbo, alishika daftari la makosa. Mwanafunzi aliandika humo swali alilokosea, jibu sahihi, na katika safu ya tatu, sababu ya kukosea. Kila Jumapili mzazi alisoma akatia saini. Wiki ya tatu, daftari la Lianqiu lilikuwa jeupe.

"Kumbe tuna malaika humu," alisema Mwalimu Geng, na darasa likacheka. "Umepata thelathini na nane, binti. Makosa umeyala na wali? Jumatatu niyaone yote, na sababu za kweli. La sivyo hukai darasani kwangu."

Yalikuwa kumi na saba. Aliyaandika yote, maana safari hii alitaka kweli kuijua hesabu.

Jumapili mchana Baogui alisukuma kando bakuli la tambi, akahesabu, akachukua ufagio.

"Lete mikono."

Kiboko cha tisa kilichana ngozi. Cha kumi na mbili kilirusha damu mezani. Cha kumi na saba, mwanzi ukapasuka.

"Sasa tia saini, baba."

"Unaniamrisha mimi?" Akamzaba kofi, binti akaanguka pamoja na kiti.

"Mwalimu kasema usome kwanza," alisema akiwa sakafuni. "Safu ya tatu."

Baogui akasoma. Niliogopa kuuliza, baba angejua sijui. Nilinakili, nisipigwe. Sikusoma swali, nilikuwa nahesabu viboko. Hivyo hivyo mpaka chini.

"Futa."

"Kifutio hakishikiki, baba. Vidole havikunjiki."

Baogui aliitazama ile mikono. Angeweza kulichana daftari, lakini mzazi asiyetia saini huitwa shuleni mbele ya wenzake, na aibu hiyo aliiogopa kuliko kifo. Akachukua kalamu, akaandika jina lake chini ya sababu kumi na saba, na zote zilikuwa yeye.