Aliyelala Ndani ya Kicheko

Mtaani walimwita Mama Kicheko, na hawakuwa na nia mbaya, au tuseme wachache tu ndio waliokuwa nayo. Binti yake alikuwa anacheka. Ukikutana naye mara ya kwanza, hiyo ndiyo habari yake yote: mtoto wa miaka tisa, mwembamba, anatembea amenyanyua mikono kama mtu anayevuka maji, hasemi hata neno moja, na anacheka. Alimchekea mama yake, alimchekea muuza mkaa, alimchekea na mbwa anayembwekea. Ukimshika mkono ukaondoka naye, angekufuata huku anacheka.

Mama mwenyewe alikuwa dobi hotelini. Usidhani alikuwa akiiona hiyo hoteli. Aliingia kwa mlango wa nyuma, akateremka ngazi hadi chumba cha chini chenye mashine za kufulia na pasi kubwa ya mvuke, na humo alishinda na mashuka: anayatoa yakiwa yamejiviringa, anayatandaza, anayapitisha kwenye pasi, anayakunja kona kwa kona. Mikono yake ilikuwa na alama ndogondogo za kuungua hadi kwenye kiwiko. Wenzake walimtania kuwa siku akifa wasihangaike kumnyoosha, maana atakuwa ameshajinyoosha mwenyewe. Alicheka nao. Hakuwaambia kuwa kufa ndicho kitu alichokiwaza kuliko vyote.

Si kwamba alikuwa mgonjwa. Alikuwa mzima kama chuma. Ila siku mumewe alipoletwa nyumbani, fundi rangi aliyeanguka kutoka ghorofani, na nyumba ikajaa vilio, mtoto alipita katikati ya waombolezaji akimchekea mmoja baada ya mwingine. Akafika kwa baba yake aliyelazwa amefunikwa, akamchekea na yeye. Mtu akasema, "Mtoeni huyo mtoto, anatia nuksi." Tangu hapo mama alibaki na swali lililomfuata kazini na kurudi naye nyumbani. Nikifa mimi, atajua? Au ataushika mkono wa kwanza utakaonyooshwa, aende zake akicheka?

Mama mkwe alihamia kwake baada ya msiba ili amtazame mtoto. Majirani walikaa mkao wa kula wakingoja vita vya mkwe na mkwe, wakangoja hadi wakachoka. Yule mama mzee alikuwa mtu wa utani. Alimwita mjukuu wake mke mwenzangu, akamgombeza kila asubuhi kwa kumnyang'anya mume. Ila kuhusu mwanawe hakuwahi kusema amekufa. Alisema, "Tangu alipoondoka." Kila mtu alimwacha aseme hivyo, kwa sababu uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Basi wakaitwa hospitali. Daktari mmoja, mwanamke mwenye miwani na maneno machache, alikuwa amepima damu ya mtoto na ya mama yake, na sasa alikuwa na majibu.

"Kila mtoto hupewa nakala mbili za jeni, moja ya mama na moja ya baba," alisema. "Hii jeni ninayoizungumzia, kwenye ubongo inafanya kazi ile ya mama tu. Ya baba huzimwa. Ni kawaida, hata kwangu mimi iko hivyo. Sasa ile uliyompa wewe ina kasoro."

"Mimi? Mbona mimi ni mzima?"

"Uliipata kwa baba yako. Kwa kuwa imetoka kwa baba, kwako ililala, haikukudhuru. Ulipoipitisha wewe ndipo ikawa ya mama."

Mama Kicheko aliitazama mikono yake. Miaka yote hiyo alikuwa amekibeba kitu hicho, kimelala ndani yake wala hakijamwamsha hata kwa ndoto. Alitamani apate mtu wa kumgombeza, na baba yake alishazikwa zamani.

"Na ya mwanangu je?" mama mkwe akauliza.

"Ya mwanao ipo, mama. Nzima kabisa. Imezimwa tu."

Mama mkwe alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Daktari akaendelea. Kulikuwa na matibabu mapya, bado yanajaribiwa. Dawa huingizwa kwa sindano kwenye uti wa mgongo, ikapanda hadi kwenye ubongo. Haikati jeni wala haibadilishi herufi yake hata moja. Inakwenda kubadili alama zinazoiambia ikae kimya. Ikifanikiwa, nakala ya baba itaamka ifanye kazi iliyoishinda ile ya mama. Huenda isifanikiwe. Huenda mtoto akapata degedege.

"Kama kibao cha mlangoni kwetu hotelini," alisema Mama Kicheko. "Kile cha usisumbue. Chumba kiko sawa, mtu yumo ndani, ila hakuna anayegonga."

"Ndiyo hivyo," daktari akasema, akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Sisi tunakwenda kukitoa kibao."

Laiti asingelisema yeye mwenyewe neno hilo. Kila mfanyakazi wa hoteli anakijua kisa cha kibao kilichokaa mlangoni kupita kiasi, na walichokikuta waliofungua. Tangu siku hiyo mlango ule haukumtoka. Angekuwa ameinama kwenye pasi, shuka linatoka jeupe na la moto, mara anaona ushoroba mrefu, mlango mmoja mwishoni, na nyuma yake mtu anapumua.

Nyumbani hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu mama mkwe alikuwa ameshapokea habari kwa namna yake. "Mwanangu yumo humo," alisema, akimwonyesha mtoto. Akawa anamkalisha mapajani, mtoto mrefu vile, anaweka sikio kwenye nywele zake na kusikiliza. Akawaambia majirani kuwa wanakwenda kumwamsha.

"Mama, daktari hakusema hivyo," alisema Mama Kicheko. "Ni jeni, si mtu."

"Kimya kingi kina mshindo mkubwa, mwanangu. We ngoja tu."

Wazimu wa mwenzako ukikaa nao nyumba moja unaambukiza. Mama Kicheko akaanza kumwona mumewe kwenye shingo ya mtoto, pale anapogeuka ghafla. Akiwa jikoni alisikia chumbani kikohozi cha mtu aliyevuta harufu ya rangi siku nzima. Alikwenda kutazama, akamkuta mtoto peke yake, ameuelekea ukuta, anacheka. Nyumba ya watu watatu ilikuwa imepata wa nne, na hakuna aliyethubutu kumuuliza anataka nini.

"Mbona hutii saini karatasi ya hospitali?" mama mkwe alimuuliza. "Unamwogopa mumeo?"

"Simwogopi. Namwogopa huyu. Sasa hivi anacheka na sisi. Je, akiamka, akatuona tulivyo, asitupende?"

Mwishowe Mama Kicheko alipiga moyo konde. Lile swali lake la kufa lilikuwa kubwa kuliko hofu zote. Heri mtoto anayejua, hata kama atachukia, kuliko kumwacha duniani hajui nani ni nani. Akatia saini.

Sindano ilichomwa. Mtoto alipata degedege mara moja, mama yake akashinda ameushika mguu wake hadi uliposhika joto. Kisha wakarudi nyumbani, na hakuna kilichotokea. Mama mkwe aliendelea kusikiliza nyweleni. Alimtegea mtoto vitendawili ambavyo mwanawe alivipenda utotoni, akangoja jibu, akapata kicheko.

Halafu kicheko kikaanza kupungua. Muuza mkaa ndiye aliyegundua kwanza. Alilalamika kuwa mtoto sasa anamkazia macho kama askari. Mtoto akaanza kulala usingizi mzito. Na asubuhi moja, mama alipochukua mkoba wake aende kazini, mtoto alimshika gauni. Hakucheka. Uso wake ulijikunja, machozi yakatoka, na kilio alichokitoa hakikuwahi kusikika katika nyumba ile.

"Nenda, utachelewa," alisema mama mkwe, akijitahidi kuvifungua vile vidole.

Alikwenda. Kilio kilimfuata hadi kona ya mtaa, kikashuka naye ngazi, kikakaa naye kwenye mvuke kutwa nzima. Aliunguza shuka moja, kisha la pili. Alilia na alifurahi, na alijionea aibu kwa kufurahi. Kumbe ndivyo mtu anavyojisikia akililiwa na mwanawe.

Jioni alipotokea, mtoto alikuwa mlangoni. Alimkimbilia kwa ile miguu yake ya mashaka, akamkumbatia, akamvuta ndani. Mama mkwe akataka kufunga mlango. Mtoto akauzuia kwa mguu. Akamgusa bibi yake kifuani, akamgusa na mama yake. Kisha akanyoosha mkono nje, upande ambao mafundi walikuwa wakirudi kutoka kazini, akawatazama wote wawili, akasubiri.

"Anamuulizia baba yake," alisema mama mkwe kwa sauti ndogo.

Mama Kicheko alikuwa ameomba mtoto ajue kumlilia mtu asiyekuwepo. Hakufikiri kwamba kuna mtu aliyetangulia foleni. Akapiga magoti pale pale mlangoni.

"Baba hayupo," alisema. "Alianguka kazini, akafa. Harudi."

Kama mtoto yeyote aliyeambiwa jambo asilolitaka, yeye akamgeukia mtu wa pili asikie atasemaje. Bibi angeweza kumwambia yumo ndani yako, kama alivyowaambia majirani wote. Mtoto aliendelea kumkazia macho, mguu wake umeuzuia mlango.

"Kweli, mjukuu wangu," alisema mama mzee. "Mwanangu amekufa."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo. Mtoto akautoa mguu, akauacha mlango ufungwe.